Bi Kipimo na Taa ya Kijani ya Ozoni

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Bi Kipimo atakabidhi funguo za chumba cha pampu na kustaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuyalinda maji ya kliniki yetu ya mazoezi ya viungo. Aliyalinda hasa dhidi yetu sisi. Hata daktari mkuu hakusalimika: aliwahi kurudishwa bafuni, taulo shingoni, kwa sababu alikuja kwenye jakuzi, bwawa letu dogo la maji ya moto, akinukia manukato.

Aliajiriwa kufagia. Mwaka wa pili, fundi wa pampu akiwa likizo, maji yaligeuka ya kijani na kila mtu akawa anamnyooshea mwenzake kidole. Yeye alichukua kopo la klorini, akasoma maelezo yake yote, hata yale maandishi madogo yanayohitaji miwani, akaanza kupima na kuandika. Fundi aliporudi alikuta vigae vya chini vinaonekana kimoja kimoja. Tangu hapo kazi ikawa ya Bi Kipimo, na jina likamganda, maana alipima maji mara tatu kwa siku, kisha mara ya nne ili roho yake itulie.

Lakini nikiulizwa alichofanya kikubwa zaidi, nitataja wiki sita za mwaka jana.

Tulikuwa na mgonjwa, fundi cherehani, aliyevunjika mguu na goti likakakamaa. Mashine yake ni ya kukanyaga. Bila goti hana kazi. Goti hilo lilikubali kukunjika kwenye maji ya moto tu, na maji hayo hayo yakawa yanamtoa vipele mikononi na shingoni. Daktari alituambia wazi kwamba hali ikiendelea hivyo, atamsimamishia matibabu.

Ndipo akaja mwuzaji na mashine ya ozoni, hewa inayoua vijidudu ndani ya maji, akasema tutaisahau klorini kabisa. Kwa miaka mingi Bi Kipimo alikuwa akiziita mashine hizo mapambo ya chumba cha pampu. Safari hii alivuta kiti akaanza kuuliza. Ozoni ikishaua vijidudu, inakwenda wapi? Mwuzaji akajibu kwa fahari kwamba inageuka kuwa oksijeni ya kawaida, haibaki ndani ya maji. "Haya," akasema Bi Kipimo, "sasa mtu wa tano akiingia na vijidudu vyake, atapokelewa na nani?" Mwuzaji akakohoa, akaomba maji ya kunywa. Hata hivyo alituazima mashine kwa wiki sita.

Mashine ilikuwa na taa ya kijani. Ilipowaka tu, sote tukaanza kuyasifu maji. Muuguzi mmoja alisema nywele zake zimekuwa laini. Mimi mwenyewe, mtaalamu wa viungo mwenye vyeti ukutani, niliandika kwenye karatasi ya maoni kwamba harufu imekwisha na ngozi inapumua. Tulisifu hivyo kwa wiki mbili nzima, na kwa wiki mbili nzima Bi Kipimo alikuwa ameufunga mpira unaopeleka ozoni kwenye maji. Taa iliwaka bure.

Fundi cherehani alikuwa amekubali kujaribiwa, mradi asiambiwe siku gani ni ya kweli. Kila asubuhi alimwonyesha Bi Kipimo mikono yake, na kila asubuhi vipele vilikuwa pale pale. Wiki ya tatu mpira ulifunguliwa, na klorini ikapunguzwa kidogo kidogo, bila kushuka chini ya kiwango cha usalama. Kufikia wiki ya tano mikono ilikuwa mikavu na safi, na goti likakunjika mpaka mguu ukafika kwenye kanyagio la kuigiza tulilomtengenezea kwa ubao.

Kwenye kikao, Bi Kipimo alisimama na daftari lake. "Nimekosea nusu," alisema, "na mwuzaji naye kakosea nusu." Ile harufu kali tuliyoilaumia klorini kumbe hutokea klorini inapokutana na jasho na mafuta yetu, na ozoni huivunja. Kwa hiyo kwa jakuzi linaloingiwa na watu thelathini kwa siku, mashine inafaa. Klorini inabaki, ila kidogo. Madirisha yabaki wazi, maana hewa ya ozoni si ya kuvutwa. Na kuoga kwanza ni lazima, vyeo viachwe mlangoni. Meneja alipouliza kama anunue moja kwa jakuzi la nyumbani, analoingia yeye na mkewe kila Jumamosi, alishauriwa anunue mfuniko mzuri, apime maji, na aoge kwanza. Mimi nilisomewa karatasi yangu ya maoni mbele ya wote. Bado wananitania.

Saa nne ya kila asubuhi ilikuwa ya fundi cherehani. Siku hizi nafasi hiyo iko tupu. Goti linakanyaga, wateja wamerudi, mwenyewe hana muda wa kuja. Alhamisi iliyopita nilimkuta Bi Kipimo ameketi mlangoni saa hiyo hiyo, anayatazama maji yasiyo na mtu, anatabasamu peke yake. Nilidhani amechoka. Akaniambia kwamba kazi yetu ikienda vizuri, watu hawarudi.

Bi Kipimo, mama yetu, asante kwa maji, kwa ukali, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kuuliza mpaka ajikosoe mwenyewe. Nenda ukapumzike na wajukuu, afya iwe tele, na siku zako zikunyookee. Kuanzia Jumatatu nawe hutarudi. Fundi cherehani alipoacha kuja tulishangilia. Kwako, utusamehe, tumeshindwa.