Ufunguo wa Gari la Nesi Winfrida

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Diwani wetu, Mwenyekiti wa Mtaa, majirani mnaovumilia kelele zetu, na ninyi wateja mliokuja kwa miguu kwa sababu magari yenu tunayo sisi. Tumsifu Yesu Kristo. Asalamu alaikumu. Wazee wetu, shikamooni.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi mafundi kumi na moja wa Kikundi cha Nia Moja, hapa Kihonda, tumefurahi kukupokea. Uwanja huu unaouona msafi umefagiliwa jana, ukafagiliwa tena leo asubuhi, na kabla ya hapo hatukumbuki. Zile injini tatu zilizofunikwa turubai pale ukutani si mradi wa maendeleo, kwa hiyo tunaomba usiulize. Mimi ninayesoma ni Mwajuma, katibu wa kikundi. Nimepewa kazi hii kwa sababu mwandiko ni wangu na hakuna mwingine anayeweza kuusoma.

Kama ratiba inavyoonyesha, umekuja kufungua banda letu jipya la magari ya haibridi, yaani yale yanayotumia mafuta na umeme kwa pamoja, na kumkabidhi Nesi Winfrida ufunguo wa gari lake tulilolitengeneza. Nesi Winfrida ni mkunga wa zahanati iliyoko juu milimani, ukishapita Mlali. Gari lake hilo la haibridi ndilo linaloshusha wajawazito hadi hospitali ya mjini siku ambazo gari la wagonjwa liko mbali, na siku hizo ni nyingi. Amekaa mstari wa pili, amevaa kitenge cha bluu. Keshokutwa Jumatatu anataka kupanda nalo kurudi kazini.

HISTORIA

Kikundi kilianza mwaka 2009 kikiwa na mafundi watatu, jeki moja na redio. Mwanzilishi wetu ni Mzee Yunusi, aliyejifunzia ufundi kwenye malori, na mpaka leo anaisikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni. Enzi hizo maisha yalikuwa mepesi. Usukani ukiwa mzito, unaongeza oili ya stelingi, mteja anashukuru, mnakunywa chai.

Kisha yakaja haya ya haibridi. La kwanza lilifika hapa likiwa na usukani mzito. Tulifungua boneti tukatafuta tangi la oili ya stelingi kwa saa mbili. Hatukujua kwamba usukani wa gari hili hausaidiwi na oili, bali na mota ya umeme iliyojificha chini ya dashibodi, juu ya miguu ya dereva. Mzee Yunusi akaona tangi dogo lenye kifuniko, akasema, "Si hili hapa? Hayo macho yenu mnatumia kulia tu?" Akamimina lita nzima. Lilikuwa tangi la maji ya kupozea mitambo ya umeme. Mteja alikuja na tatizo moja akaondoka na mawili, tena akiwa amepakizwa pamoja na gari lake kwenye lori la kwenda Dar es Salaam. Mzee ameridhia jambo hili lisomwe mbele yako, mradi tutaje kwamba oili ilikuwa mpya.

Tuna utaratibu mmoja ambao tunaamini hautumiki gereji nyingine yoyote. Gari likitushinda, tunalizunguka wote na kupiga kura. Kila fundi anataja ugonjwa, tunanyoosha mikono, na ugonjwa wenye kura nyingi ndio unaotibiwa. Utaratibu huu ulitufaa miaka mingi, kwa sababu magari ya zamani yalikuwa na magonjwa machache na sisi tulikuwa wengi.

MAFANIKIO

Tumejenga banda. Tumeshona fulana, ingawa za wanene zilichelewa. Tumejua ile mota ilipo.

Mgeni rasmi, sehemu hii ilikuwa na kurasa mbili. Jana saa kumi jioni tulikaa kikao tukaipunguza, na sababu zake zinafuata.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni bei. Mota mpya ya usukani pamoja na kisanduku chake cha umeme inafika milioni moja na laki nane. Ya mtumba, iliyochomolewa kwenye gari lililogongwa, ni laki saba, na muuzaji anakuambia mapema, "Ikikataa usinipigie." Tena ukishaifunga, lazima ifundishwe na mashine ya kompyuta ili ijue katikati ni wapi. Mashine hiyo hatuna. Sisi tumekuwa tukikadiria kwa jicho, tukifumba moja.

Changamoto ya pili ni kubwa kuliko bei, nayo ni sisi wenyewe. Tunaomba tuieleze taratibu.

Mwezi wa tano Nesi Winfrida alituletea gari lake. Taa ya usukani ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, na asubuhi usukani ulikuwa mzito. Tukapiga kura. Tairodi, yaani vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, zilipata kura saba, matairi yalipata tatu, na mmoja wetu alisema kosa ni la barabara. Mota haikupata hata kura moja. Tulibadilisha tairodi, na Nesi akalipa. Taa ikaendelea kuwaka. Tukachomoa betri, taa ikazimika. Tukarudisha betri, tukazungusha usukani kidogo, ikawaka tena. Mteja alikuwa anakuja saa tisa, na hapa kwetu hajawahi kutokea fundi aliyemwambia mteja kwamba hajui. Basi mwenyekiti wetu, Dominiko, akafungua dashibodi, akakata kipande cha tepu nyeusi, akakibandika nyuma ya kioo, palepale penye taa. Sote tuliona. Mimi ndiye niliyemmulikia tochi.

Nesi alipofika alitazama dashibodi akasema, "Afadhali jamani. Ile taa ilikuwa inaninyima raha."

Wiki tatu baadaye alikuwa anashuka na mjamzito, Paskalia, amelala kiti cha nyuma. Kwenye kona ya pili kutoka chini, kabla ya kuingia Mlali, usukani ulikaza. Alivuta kwa mikono miwili huku amekanyaga breki, na gari likaenda kujigonga kwenye ukingo upande wa mlima. Upande wa pili, mnaoijua ile barabara mnajua kuna nini. Nesi alivunjika mfupa wa bega. Akamzalisha Paskalia kwa mkono mmoja, kando ya shamba la kabichi. Mama na mtoto ni wazima, Mungu ashukuriwe.

Gari lilivutwa hadi hapa. Nesi alikuja nyuma yake, mkono umefungwa shingoni, na akatuomba radhi. Alisema, "Nisameheni, mafundi. Ninyi mlinitengenezea vizuri, mikono yangu ndiyo imezeeka. Nimeshindwa kukata kona." Sisi tukasema pole sana, Nesi, utapona. Mmoja wetu akamletea soda. Hatukusema kingine, na sasa ni miezi mitano tunaona aibu kutazamana.

Baada ya hapo tulichanga wenyewe, tukanunua mota ya mtumba, tukaifunga. Hapa uwanjani gari linakata kona vizuri sana, ndiyo maana tulipata ujasiri wa kukualika. Alhamisi nililipeleka mimi Mlali, nikapanda nalo. Kona ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili usukani ulikaza, ukaachia, ukakaza tena. Nilirudi nalo mwendo wa mtu anayebeba mayai. Tukafungua dashibodi, tukabandua tepu. Taa inawaka.

Kwenye kikao cha jana tulipiga kura kama kuisoma sehemu hii au kuiruka. Zilikuwa sita kwa tano. Tungependa kukuambia ilikuwa kauli moja, kulingana na jina la kikundi, lakini haikuwa hivyo. Kura ya sita aliipiga Dominiko.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba utusemee kwenye chuo cha ufundi tupate nafasi za mafunzo ya magari haya, hata siku za Jumamosi tu. Umri wetu ni mchanganyiko. Mzee Yunusi amekubali kukaa dawati la mbele na kuacha bisibisi nyumbani.

Pili, tunaomba tusaidiwe kupata ile mashine ya kufundisha usukani, hata kwa kuazimwa. Tutaitunza. Tunajua historia yetu haisaidii ombi hili.

Tatu, kipengele namba saba cha ratiba kinasema utamkabidhi Nesi Winfrida ufunguo wa gari lake. Mgeni rasmi, tunaomba usimkabidhi. Ufunguo uko mfukoni mwangu na utabaki hapo. Waandishi wa habari, tunaomba radhi kwa picha mtakayoikosa.

Dada Winfrida, mikono yako haijazeeka. Ilimwokoa Paskalia na mwanawe kwenye gari ambalo sisi tulilijua kuwa bovu. Kosa lilikuwa letu, tukalibandika tepu, kisha tukakuacha ulibebe wewe. Tunakuomba msamaha mbele ya wote waliokuja, na hata ukituambia hapana tutaelewa. Fedha ya tairodi iko kwenye bahasha. Jumatatu Dominiko atakupandisha kwa pikapu yake, ambayo haina sura lakini usukani wake ni wa oili. Atabaki nayo huko juu pamoja nawe, usiku na mchana, kwa ajili ya akina mama. Amekubali kulala zahanati mpaka gari lako lipone.

Mungu akuongoze njiani, mgeni rasmi, na awafikishe salama wote wanaoshuka mlima leo.

Ni sisi mafundi kumi na moja, Kikundi cha Nia Moja, Kihonda, Morogoro.