Zawadi Isiyooshwa

Mgeni rasmi, Daktari Hamdan, mkuu wa maabara inayochunguza jeni za vijidudu vya kifua kikuu,
Mheshimiwa Sheha,
Bi Laila, muuguzi wetu,
Wazee wetu, mama zetu na ndugu zetu nyote,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

KARIBU WAMBAA

Tumekuweka nje chini ya turubai, na ukumbi wa skuli upo, umefagiwa tangu jana. Usidhani hatuna adabu. Baadhi yetu bado tunakohoa, na Bi Laila ametufundisha kwamba maradhi haya hupenda chumba kilichofungwa. Hiyo adabu yenyewe tutaitaja sana katika risala hii, maana ndiyo iliyotuponza.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilizaliwa na kikopo cha Bi Rahila, huyu aliyekaa mbele yako mwenye mtandio wa buluu. Bi Rahila ni msuka mikeka, mtu ambaye hata akipiga chafya huomba radhi. Alipokonda na kutokwa na jasho usiku, alikwenda kituoni akapewa kikopo, akaambiwa alete makohozi ya ndani ya kifua, ya asubuhi, kabla hajala.

Alifika nacho nyumbani, akakitazama. Kilikuwa cheupe, kimeandikwa jina lake. Haya ikamjaa. Akapiga mswaki, akasukutua, akatema mate safi kama maji ya mtungi. Kikopo akakipangusa, akakipeleka kimefunikwa kawa, kama anayempelekea jirani futari.

Jibu likaja: hakuna kijidudu. Tulifurahi, tukamchinjia kuku. Alipimwa tena, akapeleka mate tena, tukafurahi tena. Kifua hakikuyasikia majibu yale, kiliendelea kumla. Na chumba alimokuwa akikohoa ndimo alimokuwa akisukia mikeka na kitindamimba wake, Yumna.

Bi Laila ndiye aliyeshtuka. Alikifungua kikopo cha tatu mbele yake.

"Bi Rahila, haya mate."

"Ndo yalotoka, mwanangu."

"Na ya kifuani je?"

"We Laila! Mie n'kutilie uchafu mkononi? Mtoto wa watu umevaa nguo nyeupe!"

"Huo uchafu ndo n'utakao, bibi. Nipe."

Akamtoa nje, akakaa karibu naye upande unakotoka upepo, akamsubiri akohoe mpaka yakatoka. Bi Rahila alilia kwa fedheha. Safari hiyo mashine ya kituoni ilikiona kijidudu, na iliona na jambo jengine: dawa yetu kuu isingekiua.

Tulipoulizana, tukakuta wengi wetu tulifanya vile vile. Mzee Ngwali alikuwa ametia na tone la marashi. Wallahi hatukumdanganya mtu. Tulikuwa tunamstahi daktari.

TULIYOFAHAMISHWA

Mgeni rasmi, haya ni ya kwako, nasi tunayasema kwa lugha yetu, tukikosea utatusahihisha. Kijidudu hiki kina jeni nyingi. Wataalamu huzima moja moja, wakaangalia. Nyengine ikizimwa, kijidudu hutaabika lakini kikaishi. Ipo moja, wenyewe mnaiita rpoB, ambayo ikizimwa kijidudu hakina maisha, kwa kuwa inasaidia kuunda chombo cha kusomea maagizo ya jeni zote zilizobaki. Ile dawa yetu kuu, rifampisini, hushika kwenye chombo hicho hicho. Kijidudu hakiwezi kuiacha jeni hiyo. Lakini hutokea vichache vikazaliwa nayo imegeuka kidogo, dawa ikakosa pa kushika, na hivyo ndivyo vinavyosalia na kuzaana.

Bi Laila alipotueleza haya, Bi Rahila akasema, "Basi hilo ni jiko. Mtu huuza kitanda, akauza kabati, jiko hauzi. Atalihamisha pembe tu, na weye ukija kulizima ulikolizoea, hulikuti."

Tangu siku hiyo hapa kwetu tunaiita jeni ya jiko. Tunaomba radhi kama tumeishushia heshima.

TULIYOYAFANIKISHA

Bi Rahila alipewa dawa nyengine zinazopita mlango mwengine, akazimeza zote, na leo amepona. Alhamdulillahi.

Alipopona, watu waliendelea kumtengea sahani yake na kikombe chake. Maradhi haya huenda kwa pumzi, hayaendi kwa sahani, na yeye hakuwa nayo tena. Basi tulipika wali, tukaupakua kwenye sinia moja, na Mheshimiwa Sheha akawa wa kwanza kutia mkono pamoja naye. Hapo ndipo tulipopata jina letu. Siku hizi Bi Rahila huitwa mpaka Kengeja na Ole kuwafundisha wenziwe kukohoa bila ya haya, naye huwaambia, "Daktari hataki adabu yako, ataka kifua chako."

YANAYOTUSIBU

Mashine iliyokuwa ikitusomea jeni hiyo haifanyi kazi tangu mvua za vuli. Sampuli zetu husubiri boti ya Unguja. Nyengine huchelewa, nyengine hufika zimepata joto zikaharibika.

Yumna, binti wa Bi Rahila, amekaa kule mwisho peke yake, amevaa barakoa. Picha ya kifua imeonyesha doa. Sampuli yake ya kwanza ilirudishwa: haifai. Ya pili hatujui iko wapi. Daktari wetu wa hapa anahofu kumwanzishia ile dawa kuu, maana huenda jiko la kijidudu chake limeshahama, na jibu la kumwongoza hana. Yumna anakonda. Mama yake amerudi kuamka usiku, na safari hii anayesikiliza kikohozi ni yeye.

OMBI LETU

Tulikuwa na maombi mengi, tumeyafuta. Tunaomba mashine itengenezwe. Na tunaomba jambo jengine dogo, la leo.

Ada yetu mgeni haondoki mikono mitupu. Utapewa mkeka aliousuka Bi Rahila. Na pamoja na mkeka utapewa kisanduku chenye barafu. Ndani yake kuna kikopo cha Yumna, cha alfajiri ya leo. Bi Laila amekifunga kama sheria inavyotaka. Hakina marashi wala hakikufunikwa kawa. Kilichomo kimetoka ndani kabisa, na mama yake alikuwa amemshika mgongo.

Wewe unaondoka leo kwa ndege, nayo maabara ni yako.

Kwetu mkono wa kushoto ndio wa uchafu. Bi Rahila anasimama sasa kukukabidhi. Tunakuomba, Mgeni rasmi, ukipokee kwa mkono wa kulia.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama, aitie baraka kazi ya mikono yenu, na amrudishie Yumna pumzi yake. Amin.

Ni sisi,
Kikundi cha Sinia Moja, Wambaa, Pemba.
Imesomwa na Haroub, kwa niaba ya wote.