Chemchemi ya Lita Ishirini: Maisha ya Mzee Amos Kipkemboi Rugut

Wachungaji, wazee, jamaa na majirani, Mzee Amos Kipkemboi Rugut alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Kapseret, juu kidogo ya chemchemi ambayo wengi wenu mnachota, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1968, akakwama kwa sababu ya karo, na tusiseme alikuwa na mipango mingine, hakuwa nayo.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika kazi ya maji mjini Eldoret, na hadi alipostaafu mwaka 2008 alipima visima na mabomba, akigombana na kila aliyesema maji ni mengi, kwa kuwa mengi si kipimo.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na Mama Linah Jelagat, wakajaliwa mabinti wawili, Joy Jepkosgei na Vivian Jepchumba, na Felix alipokuja kumposa Vivian aliulizwa lita moja kwa sekunde ni mita ngapi za ujazo kwa saa, akakodoa macho, akaambiwa ni tatu nukta sita, maji ni yale yale, yamebadilisha kofia tu, akapewa binti hata hivyo.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2023, akalazwa mjini tarehe 21 Septemba 2024, akawekewa oksijeni ya lita mbili kwa dakika, na jioni hiyo Mama Linah akapiga simu kwamba chemchemi imepungua, naye akajibu kwa shida kwamba imepungua si kipimo, Jepkosgei aende na mtungi wa lita ishirini na saa. Chemchemi hiyo, ambayo tangu ujana wake ilitoa lita ishirini kwa dakika, kiangazi na masika, sasa ilitoa kumi na nane. Oksijeni ikapandishwa hadi tano, chemchemi ikatoa kumi na tano. Ikapandishwa hadi kumi, ikatoa kumi. Mzee mwenyewe ndiye aliyejumlisha, akapata ishirini kila mara, akajumlisha tena.

Kwenye foleni ya chemchemi, jirani Wakoli alitania kwamba Mzee anavuta maji yetu hadi mjini, watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Hofu ya Mzee ilikuwa moja, kwamba akienda ataenda na chemchemi, akamuuliza Jepkosgei, binti akamwambia asiseme hivyo, akaambiwa hilo si jibu.

Alfajiri ya tarehe 9 Oktoba 2024, oksijeni ikiwa kumi na tano, alikata roho, muuguzi akaifunga, na huku nyumbani chemchemi ikabaki kwenye tano hadi leo asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliomtajia kipimo kila alipouliza, wafanyakazi wenzake waliokuja kuchimbua wakitafuta kilichoziba wasione kitu, na majirani waliovumilia foleni, wengine kimya kimya, wengine sivyo.

Leo jeneza lilipopitishwa kando ya chemchemi, Jepkosgei alitega mtungi, ukajaa kwa dakika moja. Maji yamerudi, Baba, hilo ndilo jibu. Ila mtakaochota mtaona kwamba hayaji sawasawa, yanabubujika, yanasita, yanabubujika tena, kama kifua cha mtu aliyelala, na ishirini ni wastani tu.

Pumzika kwa amani, Baba. Tutachota polepole.