Manius Orbius, Jemadari Aliyekalia Majivu ya Orthea

Leo, siku ya kati ya mwezi wa Machi, Manius Orbius anavua mkanda wa upanga baada ya kulitumikia jeshi la Roma miaka thelathini na minne. Ishirini na saba kati ya hiyo aliimalizia kwa Wagiriki, akipigana nao, akipatana nao, akigombana nao tena, akila zeituni zao na kuumwa tumbo kwa maji yao.

Chama cha Wapiga Baragumu wa mji wetu wa Praeneste kimeniomba mimi, Staius Vedius, niandike habari zake zisomwe kwenye karamu. Kusema kweli hawakuniomba. Karani wa chama alikwisha kushika kalamu, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Nikamwuliza, "Wewe ulikuwa wapi siku tulipovuka mto Peneo, maji yametufika kidevuni?" Akasema alikuwa hajazaliwa. Basi nikamnyang'anya kalamu. Herufi zangu nilijifunza kambini kwa kufuatisha majina yaliyochorwa kwenye ngao, na zimenitosha mpaka leo. Atakayeona zimepinda na apinde shingo.

Orbius alifika Ugiriki ana miaka ishirini na miwili, ofisa mdogo, masikio makubwa, ndevu tatu. Siku ya kwanza tu farasi alimtupa chini mbele ya kikosi kizima. Sisi wakongwe tukasubiri kuona atampiga farasi au atatupiga sisi tuliocheka. Akajipangusa vumbi, akamwambia farasi, "Umeshinda, bwana, lakini kambi iko kule," akamshika hatamu wakaenda kwa miguu wote wawili. Nikamwambia mwenzangu papo hapo kwamba kijana huyu atafika mbali. Sijawahi kukosea juu ya mtu, wala juu ya farasi.

Kigiriki alifundishwa na mwendesha nyumbu wetu, mwenyeji wa Larisa. Alikijua upesi, ila alikijua kama mwendesha nyumbu. Mara ya kwanza alipotumwa kusema mbele ya wajumbe wa miji kumi na mmoja, wazee wa ndevu zilizochanwa, aliwakaribisha kwa maneno yale yale anayoambiwa nyumbu akigoma mlimani. Kisha mzee mmoja akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Orbius akasema, "Niwieni radhi, baba zangu. Mwalimu wangu alizoea wanafunzi wa miguu minne." Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Siku ile tulipata mkataba ambao mabalozi wenye Kigiriki cha vitabuni waliukosa miaka sita.

Nisiisahau ile chemchemi. Vijiji viwili viliigombea tangu enzi za babu zao, na majaji watatu walikwisha kutoa hukumu wakiwa vitini. Orbius aliwachukua wazee wa pande zote mbili akawatembeza kwenye mpaka wote, jiwe kwa jiwe, kwa siku tatu, jua la kiangazi. Siku ya tatu mmoja wao akavua kiatu, akatazama unyayo wake, akasema, "Wapeni nusu ya maji, mimi nirudi kwa mke wangu." Makubaliano yakachongwa kwenye jiwe. Mimi ndiye niliyeshika ngazi ya mchongaji, na haikutikisika hata mara moja.

Lakini watu wakimtaja Orbius wanataja Orthea, basi na niende Orthea.

Mwaka wake wa tatu kule tulipigana na jeshi la mfalme wa Makedonia kwenye kilima kilicho juu ya mji huo mdogo wa Thesalia. Vijana wa Orthea walikuwa upande wa mfalme, hawakupewa hiari. Ilipofika adhuhuri tulikuwa tumewavunja. Hapo wakasimama, wakainua mikuki yao mirefu juu, wima, yote pamoja, kilima kikaonekana kama kimeota msitu.

Kwetu sisi mtu aliyeshindwa hutupa silaha chini. Mkuki ukiinuliwa ni wa kuua. Tukawavamia. Hawakujikinga, na hilo peke yake lingetosha kutufundisha, lakini mtu aliye katikati ya vita hafundishiki. Ni yule mwendesha nyumbu aliyekuja mbio akipiga kelele, "Wamekubali kushindwa hao! Kwetu ukiinua mkuki ndiyo umeomba amani! Waacheni!" Orbius alimsikia. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na mamlaka ya kusimamisha vita ni ya konsuli, mkuu wa jeshi zima, peke yake. Akanigeukia akaniambia, "Staius, piga baragumu watu warudi." Nikapiga. Mapafu kama yangu hayajazaliwa tena Praeneste. Jeshi zima lilisimama. Wa Orthea walikuwa wamekufa mia mbili na arobaini. Waliobaki walibaki kwa kauli ile.

Konsuli alimwadhibu Orbius kwa kutoa amri isiyo yake. Alilazwa nje ya boma siku kumi, bila hema, na chakula chake kilikuwa shayiri kama farasi. Hakulalamika. Alisema shayiri si mbaya ukiizoea.

Miaka kumi na minne ikapita. Orbius sasa ni jemadari, masikio yamepata kofia ya kuyatosha. Majira ya baridi yalikuwa yanakuja na jeshi lilitaka mahali pa kulala. Orthea ikafunga lango. Wakasema Mrumi hataingia kwao akiwa na miguu miwili. Konsuli wa mwaka ule, simtaji jina kwa kuwa wajukuu wake ni wagomvi, akampa Orbius siku tatu. Lango lifunguke, au jua la siku ya tatu likizama mji uchomwe na watu wauzwe utumwani.

Kuna jambo wengi wenu mezani hapa hamlijui. Sheria yetu inataka maadui elfu tano wafe katika pigano moja ndipo jemadari apewe gwaride la ushindi, apite katikati ya Roma juu ya gari la farasi wanne. Orthea na vijiji vyake walitimia hesabu hiyo na kuzidi. Baba yake Orbius alikufa akilitamani gwaride hilo. Akida wetu Trebius, mpiganaji hodari, nusu yangu hivi, alimwambia mbele ya hema, "Jemadari, nipe ngazi ishirini tu. Wewe utapanda gari Roma, sisi tutakula jibini yao."

Orbius akamjibu, "Jibini yao ina chumvi nyingi, Trebius." Akavua upanga akamkabidhi. Kisha akaniita mimi.

Tulikwenda wawili, mchana, vichwa wazi. Wagiriki hawamzuii mjumbe, wakatupitisha kwenye kilango kidogo cha ubavuni. Wazee wa mji walitupokea wamesimama, ishara kwamba hatutakaa. Orbius aliwaeleza yote, siku tatu na moto. Mzee wao akasema, "Sisi tuliwahi kuwaomba amani. Jibu lenu tumelizika pale mlimani. Rudi ulikotoka."

Mtu mwingine angerudi. Mimi nilikwisha kugeuka. Orbius akauliza nyumba ya Filina iko wapi.

Huyo Filina alikuwa mama yake Menoni, kiongozi wa vijana wale na wa kwanza kuinua mkuki, aliyekufa pale kilimani. Katika mji ule hapakuwa na mtu aliyesema neno baada ya Filina kusema lake. Na Wagiriki wana desturi yao. Mtu mwenye shida, hata akiwa adui, akiingia nyumbani akaketi kwenye majivu ya meko, ameshika tawi la mzeituni lililozungushiwa sufu, hagusiki. Mwenye nyumba peke yake ndiye wa kumwinua, kwa mkono wake. Akimwinua amekubali ombi lake. Asipomwinua, atakaa.

Jemadari wa Roma akaingia, akaketi majivuni na joho lake jeupe, tawi mkononi. Mimi nilisimama mlangoni na baragumu langu, sina pa kuuweka uso.

Filina akarudi na mtungi kichwani. "Nani amekalia majivu yangu?"

"Manius Orbius, mama. Mrumi."

"Urumi wako nauona kwa pua. Sogeza mguu, nataka kutia kuni."

Akasogeza. Yule mama akapika uji wa shayiri akimzunguka kama unavyomzunguka mbuzi aliyelala njiani. Akala, akaosha bakuli. Jirani akachungulia, akauliza, "Filina, unafuga nini humo ndani?"

"Jemadari," akasema. "Hatagi."

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Alifagia akampitia. Orbius hakusema kitu, maana aliyeketi majivuni hasemi mpaka asemeshwe. Siku ya tatu asubuhi, pale mlangoni niliposimama, niliwaona watu wa Trebius bondeni wanabeba ngazi. Filina naye aliwaona. Akavuta kigoda akaketi mbele ya Orbius.

"Ulikuwepo siku ile?"

"Nilikuwepo."

"Uliona mikuki imeinuka?"

"Niliiona. Nikadhani wanakuja kutuua."

"Na ulipojua?"

"Niliamuru tuache."

"Mkaacha?"

"Tukaacha."

"Upesi?"

Orbius akainamisha kichwa.

Hapa imenibidi niweke kalamu chini kwanza. Huko juu nimeandika kwamba alisema nami nikapiga. Hata taarifa ya jeshi inasema hivyo, kwa sababu aliyeiandika ni Orbius. Haikuwa hivyo. Aliposema mara ya kwanza nilimtazama tu. Mimi nilikwisha kupiga baragumu jeshini miaka kumi na minane, yeye mtoto wa juzi. Nikamwambia, "Lete neno la konsuli." Akasema mara ya pili. Mara ya tatu alisema amenikamata kifuani, machozi yanamtoka. Ndipo nikapiga.

Miaka kumi na minne hakunitajia jambo hilo, si kwa hasira wala kwa mzaha. Na pale majivuni, mji mzima ukiwa mabegani mwake, ilitosha aninyoshee kidole. Hakuninyoshea. Aliendelea kutazama majivu.

Nikasema mimi. "Mama, aliniambia mara tatu. Mimi nilipiga ya tatu."

Filina akanigeukia. "Kati ya ya kwanza na ya tatu ni muda gani?"

"Kiasi cha mtu kunywa kikombe cha maji."

"Kikombe kikubwa?"

Nikaliweka baragumu chini, mimi, mtu ambaye siliweki chini hata nikilala.

Akachukua mwiko, akakoroga chungu alichokwisha kukiepua zamani. Akakoroga sana. Kisha akafuta mkono kwenye nguo yake, akamnyoshea Orbius. "Inuka. Unaniziba moto." Siku tatu zilikuwa zimemgandisha magoti, nusura waanguke wote wawili. Aliposimama, yule mama akamkung'uta majivu mgongoni kwa kiganja, kama anavyokung'utwa mtoto aliyecheza uani.

Halafu akaniambia, "Wewe mwenye baragumu. Kaa pale alipotoka."

Nikakaa. Konsuli watano nimewatumikia na sikumpigia goti hata mmoja, lakini nilikaa. Alimshika Orbius mkono wakatoka hadi langoni, akaliondoa komeo mwenyewe, na wazee wa mji wakamtazama tu. Mimi nilibaki majivuni mpaka alasiri. Aliporudi akanipa mkono, akaniinua, akanipa uji. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwuliza. Uji ulikuwa na asali kidogo.

Kwa amri ya Orbius jeshi lililala nje ya ukuta majira yote ya baridi, Orthea ikatoa shayiri na kuni, na hakuna aliyechomwa wala kuuzwa. Trebius alirudisha ngazi akitukana. Gwaride halikuwapo, maana hakufa mtu. Mjini Roma wakubwa wa Baraza walicheka kwamba Orbius alitekwa na bibi mwenye mwiko, na askari wakambandika jina la Majivu. Yeye akalichukua, akalichonga kwenye muhuri wake, na barua zake zote tangu hapo zimetoka kwa Manius Orbius Majivu. Filina alifariki miaka sita iliyopita. Orbius alikwenda mazishini kwa gharama yake, na nilikwenda naye.

Jana alikuja kwangu akalisoma gombo hili, akaweka kidole pale pa mara tatu. "Staius, hapa futa. Watu watakuwa wanakula."

"Sifuti."

"Ni amri."

"Umestaafu," nikamwambia.

Akakaa. Akaniuliza kama nina mvinyo. Ninao, mzuri kuliko wa chama.

Ndugu wa chama, hapa meza ya mbele wamekaa vijana watatu kutoka Orthea, wamesafiri siku ishirini na mbili kuja kumuaga mzee wao. Mwaka ule wa ngazi walikuwa watoto wa kuchunga mbuzi. Wana njaa ya umri wao. Wapeni nyama.

Manius Orbius, tunakushukuru kwa miaka yako yote, na mimi nakushukuru kwa ile uliyoninyamazia. Shamba lako lizae, magoti yako yapone, na Wagiriki wakuandikie barua fupi. Kesho alfajiri nitapiga baragumu kama kawaida, kwa kuwa sijui kuishi bila kupiga. Wewe usiamke. Lala, mzee wangu, lala mpaka jua likuchoke.