Dada Fong na Kikombe cha Kwanza

Tarehe 30 Septemba 1978, Bibi Szeto Mei-fong, ambaye hapa jikoni kila mtu humwita Dada Fong, anavua aproni baada ya kuitumikia ofisi yetu ya Hong Kong kwa miaka thelathini na mitatu. Jamani, tutamkosa!

Aliajiriwa mwaka 1945 kuandaa chai, Wajapani walipokuwa wametoka tu kusalimu amri. Mji ulikuwa kama umelala macho wazi: ukungu bandarini, maduka nusu yamefungwa, watu wakitembea polepole kana kwamba wanaogopa kuamka. Mumewe, Hok-leung, bado alikuwa kizuizini mwa Wajapani, akikohoa damu. Afisa wa Kijapani pale lango la kizuizi alimwambia Dada Fong, "Mama, funguo ninazo. Niambie tu nimkabidhi nani."

Hilo hakuna aliyelijua. Mjumbe wa Uingereza alidai koloni ni lake, basi yeye ndiye apokee Wajapani wakikabidhi mji. Mjumbe wa China alidai uwanja huu wa vita uko chini ya mkuu wake wa majeshi. Walikutana ofisini kwetu, wakabishania hata nani amiminiwe chai kwanza. Dada Fong alisimama na birika mpaka chai ikapoa.

Kesho yake walirudi kubishana, naye mawazo yake yalikuwa kule kizuizini. Maji ya kwanza, yale ya kuoshea majani ambayo sisi huyamwaga, akayamimina kikombeni. Mwingereza akakinyakua, akanywa, akatabasamu kama mshindi. Mjumbe wa China aliona kila kitu. Alicheka hadi machozi, akasubiri chai yenyewe.

"Mwachieni cha kwanza," alisema. "Hicho ni chake kabisa!"

Baada ya hapo ubishi ulilegea. Wakaafikiana: Mwingereza apokee, lakini atie saini kwa niaba ya pande zote mbili. Hok-leung akatoka langoni kwa miguu yake mwenyewe, mwepesi kama kanzu kwenye kamba.

Tangu hapo Dada Fong amepanda hadi kuwa mkuu wa jiko na kutufunza sote. Tukimuuliza kama kweli alikosea, hujibu, "Wambea nyie, osheni vikombe!"

Leo alasiri Mzee Hok-leung, aliyekatiwa tamaa na madaktari wa wakati ule, ameomba ammiminie mkewe chai mwenyewe. Siku hizi mambo humchanganya. Dada Fong ameshatuonya: akimpa yale maji ya kuoshea majani, tukae kimya, atayanywa yote.

Asante, Dada Fong. Ukafurahie mapumziko yako, na chai yako isikose mtu wa kuinywa naye.