Maisha ya Mwonjaji wa Kitalu cha Juu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza marehemu, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na mkaza mwana wake, yaani mke wa mwanawe wa pekee, kwa kuwa mwana mwenyewe amezidiwa na machozi, na wanaomfahamu wanajua kwamba hata macho yake yangekuwa makavu asingethubutu kusema neno juu ya mama yake bila kumwomba ruhusa kwanza.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ulimi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1944, katika chumba cha juu cha nyumba iliyo nyuma ya ghala la kukamulia zabibu, akiwa mtoto wa pili wa fundi mapipa, na inasemekana siku ya kwanza alipoonjeshwa maziwa ya kopo aliyatema, jambo ambalo wakati ule lilichekesha.

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na kituo cha mafuta kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, kisha chuo cha utengenezaji wa mvinyo kuanzia Januari 1962 hadi Novemba 1963, akatoka wa kwanza katika darasa la watu kumi na tisa, na kwa miaka sitini iliyofuata hakuna mgeni aliyekaa mezani kwake akanyanyuka bila kuambiwa hivyo.

Tarehe 1 Februari 1964 aliajiriwa na chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu kuwa mwonjaji, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mitano, akisimama kila asubuhi mbele ya meza ndefu yenye glasi na beseni la kutemea, na neno lake moja lilitosha kuamua zabibu za nani zipokewe na za nani zirudi na lori lililozileta. Mwaka 1971 alirithi kwa baba yake Kitalu cha Juu, kipande cha ardhi kisichofika ekari mbili, mgongoni mwa kilima, chenye mawe meupe yanayovunja majembe, ambako ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi na zabibu huiva wiki tatu baada ya zote, na kutoka hapo tu, bila kuchanganya hata kishada kimoja cha kwingine, alitengeneza mvinyo mweupe uliolipa eneo letu jina, mkavu, wenye harufu ya limau na ya jiwe lililonyeshewa, na hata asiyempenda marehemu lazima akiri kwamba ulikuwa mvinyo mzuri. Watu wa bondeni, wenye udongo mzito wa mfinyanzi, aliwaita wauza maji, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeonja mivinyo yao huku akiuza wake, ilikuwa ajabu kwamba hakuna aliyeuliza swali.

Alifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1970 na karani wa mizani wa ushirika, mtu mpole aliyepima zabibu za watu kwa haki na kuishi nyumbani mwake kama mpangaji hadi alipofariki Mei 1998, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1973, ambaye amempa marehemu wajukuu wawili.

Mwana huyo alioa tarehe 13 Desemba 2003, katika ua wa ushirika, na baba wa bibi harusi, mkulima wa bondeni, alileta mvinyo wake mweupe wa mavuno ya mwaka uliotangulia, akammiminia marehemu glasi ya kwanza kwa mikono miwili, naye akaunusa, akauzungusha mdomoni kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akautema kwenye kokoto, hatua moja kutoka kwenye viatu vipya vya mzee, akasema wajumbe wote wa ushirika wakisikia, "Huu, mkwe, tutausuuzia mapipa." Watu walicheka, bwana harusi akayaangalia maua ya mezani, na wiki iliyofuata ushirika ukakataa zabibu za mzee, ukakataa na za mwaka uliofuata, hata akang'oa mizabibu yote kwa siku tatu, peke yake, akapanda vitunguu. Chupa kumi na mbili alizompa bintiye siku ile, bintiye alizifunga kwenye mashuka na kuzificha chini ya ngazi, akawa anafungua moja moja kila alipoona moyo unataka kupasuka, na haoni aibu kusema kwamba alimchukia marehemu kwa miaka ishirini huku akimwita mama.

Marehemu alianza kuugua tarehe 11 Septemba 2022, alipopata kiharusi akipogoa mizabibu, kisha figo zikachoka, na kwa miezi tisa mkaza mwana ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza ubavu na aliyetemewa uji. Alasiri ya tarehe 6 Juni 2023, mbele ya muuguzi na mwanawe, marehemu aliomba glasi moja ya mvinyo wa Kitalu cha Juu, naye mkaza mwana akashuka chini ya ngazi, akafungua moja ya chupa mbili zilizobaki, akaleta glasi bila chupa. Marehemu alikunywa, hakutema, akafumba macho, akaomba nyingine, akasema, "Hakujawahi kupita hapa kooni mvinyo bora kuliko huu. Nikifa mniwekee chupa yake ndani ya sanduku, msinisahaulie."

Asubuhi yake mkaza mwana aliiweka chupa tupu juu ya sinia ya dawa, lebo yenye mwandiko wa baba yake ikimtazama mgonjwa, akamweleza ni ya nani na kwamba imebaki moja tu, maana kwa miaka ishirini alikuwa na hamu ya kuuona uso huo ukisawijika. Haukusawijika. Marehemu alicheka hadi akakohoa, akasema, "Kumbe wewe mtoto ulidhani niliutema kwa ubaya wake? Niliujua siku ile ile, na jana niliujua kabla sijameza. Ungeachwa ushindane, wangu angenunua nani? Na hiyo uliyobakiza usinifiche, ndiyo nitakayokwenda nayo." Mkaza mwana akamrekebishia mto. Marehemu aliaga dunia tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, bila kuomba radhi kwa mtu yeyote.

Familia inawashukuru madaktari na muuguzi wa zamu ya mchana kwa uvumilivu wao, majirani kwa viti na maturubai, na wafanyakazi wenzake wa ushirika, ambao kwa miaka arobaini na mitano waliuamini ulimi wake kuliko ndimi zao wenyewe, na ambao leo wamekaa safu ya mbele.

Mkulima wa bondeni yuko kiti cha pili kutoka mlangoni, ana umri wa miaka themanini na minne, amevaa koti lile lile la harusi, na haya ya kitandani kwa marehemu anayasikia kwa mara ya kwanza sasa hivi. Baba, mvinyo wako ulikuwa bora kuliko wake, na yeye alijua. Chupa ya mwisho iko kwenye mkoba ulio chini ya kiti chako, ukaifungue nyumbani.

Kuhusu wosia wa marehemu, mkaza mwana ameutimiza kwa kiasi alichoweza, chupa imo ndani ya sanduku, upande wa mkono wa kulia, ila ni ya Kitalu cha Juu. Mama, pumzika kwa amani na mvinyo wako mwenyewe.