Marahaba ya Kifusi

Kijiwe chetu kiko Area D, Dodoma, pale bajaji zinapogeuzia, kwenye benchi refu lililoungwa kwa mbao za banda la kuku. Mimi Restuta ndiye ninayeuza kahawa, kwa hiyo nasikiliza kwa lazima, nipende nisipende. Wateja wa kudumu ni watatu. Wa kwanza ni Methusela, dereva wa ofisi moja Mji wa Serikali, tunamwita Mheshimiwa kwa sababu aliwahi kumwendesha mbunge kwa muda mfupi na tangu hapo hasemi neno bila kutaja kanuni. Wa pili ni Castory, tunamwita Profesa. Yuko chuoni mwaka wa mwisho tangu nimfahamu. Wa tatu ni Mzee Matonya, mwenye ng'ombe wake Hombolo, ila yeye mwenyewe kutwa yuko hapa na sijui hao ng'ombe wanachungwa na nani. Wiki hii yote wamejadili jambo moja tu, Elisante na mkono wake.

Elisante ni kijana wetu wa Makutupora, kilo mia na ushee, na ulingoni anaitwa Zabibu. Anacheza yale mapigano ya ndani ya wavu, ambako ngumi, mateke na mieleka vyote ni halali, na yuko uzito wa juu kabisa. Zamani alikuwa anabeba kreti kwenye mashamba ya zabibu. Siku moja kocha akamwona anasukuma pikapu iliyonasa kwenye mchanga, peke yake, dereva akiwa amekaa ndani anasikiliza redio, akamwambia aachane na kreti. Mechi za mwanzo alizimaliza haraka, maana aliopangiwa walikuwa vijana wa rika lake.

Taabu ilianza alipopanda ngazi. Kwenye uzito wa juu watu huchelewa kukomaa, na kule juu alikutana na wanaume wazima wenye mvi na wakwe. Sasa Elisante amelelewa na mama Raheli, na kwa yule mama mtoto asiyemwamkia mkubwa hapewi ugali. Refa anawaita katikati wagusane glavu, Elisante anasema shikamoo. Mkubwa naye, bila kufikiri, anaitikia marahaba. Basi imekwisha hiyo. Kuanzia hapo Elisante anakinga, anarudi nyuma, anakumbatia, na kengele ya mwisho inamkuta hajarusha ngumi ya maana.

Mwaka jana alikutana na Masudi wa Tabora, anayeitwa Kifusi kwa kuwa akikuangukia hutoki. Tuliangalia kwenye simu ya Profesa. Raundi zote walizungukana na kushikana shikana mpaka ukumbi ukazomea, na majaji wakampa Kifusi ushindi kwa sababu ilibidi apewe mtu. Jumamosi hii wanarudiana hapa hapa Dodoma. Mwandaaji amemwambia Elisante wazi kwamba akipoteza tena kwa mtindo ule, mkataba hakuna.

Juzi jioni alitupitia akiwa mazoezini, anakimbia na kofia ya sweta kichwani. Alipotufikia akasimama.

— Shikamooni. Shikamoo, dada Restuta. Profesa, mambo.

— Mnaona, akasema Mheshimiwa. Hata mbio anazikatisha aamkie. Zabibu, na Jumamosi itakuwa hivyo hivyo?

— Kaka, mimi sipangi. Mdomo unatangulia wenyewe. Nikishasikia marahaba, mkono unagoma.

— Si uvae ile plastiki ya meno mapema, usiweze kusema?

— Niliivaa. Niliitoa kwanza nikaamkia, halafu nikairudisha.

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Alisema nyumba anayomjengea mama yake imefika kwenye lenta, bado paa, na akirudi kwenye kreti itabaki pale pale kwenye lenta mpaka mvua ziibomoe. Alisema hivyo akiangalia viatu vyake, akaaga, akaendelea kukimbia. Mtu mkubwa vile akiwa na huzuni anatia huruma zaidi, sijui kwa nini. Nilisahau hata kumdai Profesa hela ya kahawa.

Alipopotea kwenye kona, kikao kikaanza. Profesa alisema hilo ni suala la saikolojia, na dawa yake ni kuimaliza salamu mapema. Elisante amfuate Kifusi asubuhi hotelini, amwamkie, wanywe chai, waulizane za nyumbani. Jioni wakikutana ulingoni watakuwa wameshasalimiana, hakuna deni.

— Wewe nani alikulea? akauliza Mzee Matonya. Mtu umemwamkia asubuhi, jioni ukimkuta unampita tu?

— Mzee, nitasema habari za jioni.

— Ndiyo maana humalizi chuo.

Mheshimiwa aliomba utulivu, ingawa hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Yeye alisema njia ni utani. Kifusi ni Mnyamwezi, Elisante ni Mgogo, hao ni watani wa tangu enzi za misafara, na kwa mujibu wa kanuni mtani unaweza kumfanyia lolote hata msibani, wala hakasiriki.

— Mtani unamficha kiatu, akasema Mzee Matonya. Humng'oi jino.

— Kanuni haijataja jino.

— Kanuni gani hiyo, imeandikwa wapi?

Mheshimiwa akahamia kwenye ndevu. Alisema kinachomwangusha kijana ni zile mvi za kidevuni. Akanigeukia mimi, akapendekeza nitumwe kwenye hoteli ya Kifusi na bakuli la piko, nijifanye natoka saluni, nimpake ndevu ziwe nyeusi tii. Elisante akimwona atadhani ni rika lake, na atasema mambo. Nilimwambia aende yeye, na kama atarudi na mikono yote miwili nitampa kahawa ya bure mwezi mzima.

Mzee Matonya aliizungusha fimbo yake. Kisha akasema kwamba tumekaa wiki nzima tunamlaumu kijana bure, kwa sababu tatizo si shikamoo.

— Shikamoo kila mtu anasema. Hata mwizi akikamatwa anasema. Tatizo ni marahaba. Yule akishaitikia, amekuwa baba yako. Asipoitikia, ni mtu tu.

Profesa alipiga paja lake. Alisema hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya maana tangu Jumatatu, na Mheshimiwa akaiunga mkono kwa mikono miwili. Ikaamuliwa kwamba atafutwe Kifusi mwenyewe, aombwe kiungwana kwamba Jumamosi akiamkiwa akae kimya. Nani aende, hapo ndipo waliposhindwana. Mzee alisema magoti yanamsumbua. Mheshimiwa alikuwa na safari ya kikazi ambayo hakuwa nayo dakika chache kabla. Ikabaki kwa Profesa, naye akasema ataenda kesho akimaliza kipindi.

Haikufika kesho. Mtu mmoja mpana alikuja kutoka upande wa gesti ya jirani, kandambili miguuni, sikio moja limekunjamana, ndevu zimechanganyika nyeusi na nyeupe. Akauliza kama kahawa ipo. Walimtambua wote watatu kwa mara moja, nami nikamtambua kwa namna wao walivyoweka vikombe chini kwa pamoja.

— Shikamoo, akasema Profesa, akiwa ameshasimama.

— Shikamoo, akasema Mheshimiwa.

Hata mimi nilimwamkia, nikiwa na birika mkononi. Mzee Matonya pekee ndiye aliyengoja aamkiwe, na akaamkiwa. Yule bwana alituitikia mmoja mmoja, kwa sauti nzito ya upole, akakaa, na benchi likalalamika. Mheshimiwa alimtazama Profesa. Mzee alimtazama Profesa. Ilibidi nami nimtazame.

— Mzee Masudi, akaanza Profesa. Sisi ni watu wa Elisante. Tulikuwa tunaomba, kama haitakuwa vibaya, Jumamosi akikuamkia usimwitikie. Ukimwitikia hawezi kupigana.

Kifusi alinywa kahawa yake taratibu. Sikuona hasira usoni pake. Alisema kwamba kocha wake amemwambia neno hilo hilo asubuhi, na mkewe amempigia simu kutoka Tabora kumwambia neno hilo hilo, na yeye amezunguka mtaa mzima anajaribu kulizoea.

— Mwaka jana mliniona, akasema. Mnadhani ni yeye tu aliyeshindwa kupiga? Nilimwitikia, nikamtazama, nikaona mtoto wa mtu. Nikawa namsukuma sukuma nikiomba Mungu kengele ilie. Ule ushindi nimeona aibu kuusimulia nyumbani.

Bajaji iligeuza, ikaondoka.

— Na mimi hii ni ya mwisho. Nikipoteza, hakuna atakayenipangia mechi tena kwa umri huu. Sasa mzee wangu, akamgeukia Matonya, nyinyi mmekaa na kulifikiri. Mtoto wa watu akisimama mbele yako, mbele ya mama yake, akakwambia shikamoo, unakaa kimya vipi?

Mzee Matonya alirudia kuizungusha fimbo yake. Mheshimiwa, kwa mara ya kwanza tangu aje kijiweni kwangu, hakuwa na kanuni yoyote. Profesa alikaa chini pole pole. Kifusi alingoja kwa heshima, anamtazama huyu na yule, kama mtu ambaye kweli alitaka kuambiwa.

Nilimwongezea kahawa bila kuombwa, na nilipoinamisha birika likatoa matone mawili ya machicha, basi. Nilikuwa nimenuia kufunga mapema Jumamosi niende ukumbini kumshangilia Elisante, na kitambaa cha kupunga nimeshafua. Nitaenda. Ila nikifika pale mlangoni, sijui nitakaa upande gani.